Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya elimu: Mwanafunzi wa sekondari amwambie nani?

Kwa:
Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Elimu,
Mheshimiwa Waziri wa Nchi mwenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa,
Dodoma.

Waheshimiwa Mawaziri,

YAH: HUDUMA YA USHAURI NA UNASIHI KWA WANAFUNZI WA SHULE ZA SEKONDARI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Nawasalimu kwa heshima, nikitambua uzito wa kazi mliyokabidhiwa. Mimi ni mwalimu mstaafu wa sekondari. Nimefundisha Kiswahili na Historia katika shule za serikali za Nyanda za Juu Kusini, za bweni na za kutwa, na kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu nilikuwa pia mwalimu wa malezi. Kwa sasa ni mjumbe wa bodi ya shule moja ya kata, ambayo sitaitaja kwa kuwa yanayotokea pale yanatokea kwingi, na kwa kuwa wanafunzi wake hawastahili kunyooshewa vidole. Haya ninayoyaandika nimeshayafikisha kwa njia za kawaida: kwa uongozi wa shule, kwenye vikao vya bodi, kwa ofisi za elimu za ngazi ya kata na ya halmashauri, kwa mdomo na kwa barua. Kila mahali nilipokewa kwa upole, nikaambiwa kwamba suala limepokelewa na linafanyiwa kazi. Hakuna kilichobadilika. Ndiyo maana sasa naandika hadharani, ili wazazi na walimu wenzangu nao wasome, na ili jibu litakalotolewa lisikike na wote.

Ombi langu kubwa ni moja, na mengine yote yanalielekea hilo. Kila shule ya sekondari ya serikali iwe na angalau mtu mzima mmoja ambaye kazi yake inayotambulika ni kumsikiliza mwanafunzi: awe amefundishwa, awe na muda ulioandikwa kwenye ratiba, awe na chumba chenye mlango unaofungika, afungwe na wajibu wa kutunza siri, na asiwe mtu wa kushika fimbo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Katika mkondo wa kidato cha kwanza wenye wanafunzi 60, na mikondo ya namna hiyo tunayo mingi, hao ni wanafunzi wanane au tisa. Wengi wao hawapigi kelele wala hawavunji madirisha. Wanasinzia darasani, wanaacha kuandika notisi, wanaomba ruhusa ya kwenda zahanati kwa maumivu ya tumbo au kichwa yasiyoonekana kwenye vipimo, kisha wanaanza kukosa shule. Kwenye daftari la mahudhurio wanaandikwa watoro, na kuanzia hapo wanashughulikiwa kama watoro.

Naomba sasa niwaeleze yanayonisumbua, moja baada ya jingine.

1. Huduma iliagizwa bila kupewa muda wala mahali

Tangu mwaka 2002 kuna waraka wa elimu unaoelekeza huduma za ushauri na unasihi zitolewe katika shule na vyuo vya ualimu. Mwaka huohuo zilitoka pia kanuni za adhabu ya viboko, Tangazo la Serikali Na. 294. Naomba waheshimiwa muyaweke mezani mambo hayo mawili kwa pamoja. Kanuni za viboko zinasema viboko visizidi vinne kwa mara moja. Zinasema anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Zinasema mwanafunzi wa kike achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa kama shule haina mwalimu wa kike. Zinaeleza achapwe sehemu gani ya mwili na kwa fimbo ya namna gani, na zinataka kila adhabu iandikwe katika daftari maalumu, pamoja na kosa, idadi ya viboko na jina la aliyechapa. Kwa unasihi, uangalifu wa namna hiyo shuleni siuoni. Ni vipindi vingapi kwa wiki? Katika chumba gani? Mnasihi mmoja kwa wanafunzi wangapi? Nani anakagua, na asipoona kitu anachukua hatua gani? Kanuni za viboko zinavunjwa kila siku, hilo tunalijua sote, lakini mzazi anayetaka kulalamika ana mahali pa kuanzia. Mzazi ambaye mtoto wake hakusikilizwa hana hata kifungu cha kukitaja.

Katika shule ambayo mimi ni mjumbe wa bodi, chumba cha unasihi kipo, na mlangoni kina kibao kilichoandikwa vizuri kwa rangi ya bluu. Ndani kuna majembe, mafyekeo, ndoo za rangi iliyobaki baada ya ujenzi wa madarasa, wavu wa goli uliochanika na marundo ya vitabu vya mtaala wa zamani. Kiti ni kimoja. Mwalimu aliyeteuliwa kuwa mnasihi ana moyo wa kazi hiyo na watoto wanampenda, lakini anafundisha Hisabati kidato cha kwanza hadi cha nne, na uteuzi ule haukumpunguzia hata kipindi kimoja. Wanafunzi wakimhitaji wanamfuata wakati wa mapumziko, chini ya mparachichi ulio karibu na jiko, mbele ya macho ya shule nzima. Msichana aliyebakwa, au mvulana anayewaza kufa, hawezi kwenda kusimulia habari zake chini ya mti huku wenzake mia tatu wamepanga foleni ya uji hatua chache kutoka pale.

2. Anayetakiwa kumsikiliza mtoto ndiye anayemchapa

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Katika shule nyingi nilizozifahamu, majukumu ya nidhamu, malezi na unasihi anapewa mtu mmoja, mara nyingi kwa sababu ni mkali na wanafunzi wanamwogopa.

Mvulana mmoja wa kidato cha pili, ambaye sitasema ni wa shule ipi wala wa mwaka upi, alikosa shule siku kadhaa mfululizo. Aliporudi aliitwa mbele mstarini pamoja na watoro wengine, akachapwa. Kisha mwalimu yuleyule aliyemchapa akamwita ofisini ili amshauri. Mvulana akajibu kila swali kwa maneno mawili: “Nimekosa, mwalimu.” Hakusema kingine, na kwa mujibu wa daftari shauri likaishia hapo. Aliyekuja kubaini ukweli, wiki kadhaa baadaye, ni mpishi wa shule. Mama wa yule mtoto alikuwa amefariki dunia, ndugu walikuwa wanavutana nani amchukue yeye na mdogo wake, na siku zile alizoandikwa mtoro alikuwa akibeba matofali ili wapate unga. Mpishi hakuwa amesomea unasihi. Alipokuwa anampakulia uji alimuuliza kwa nini siku hizi anakula kama mtu anayekimbizwa, akamsubiri ajibu. Mtoto akamwambia yote, akiwa amesimama na kikombe mkononi.

Waheshimiwa, simlaumu mwalimu yule. Alitekeleza majukumu mawili aliyopewa na ambayo hayawezi kukaa kwa mtu mmoja. Hata mwenye hekima nyingi hawezi kuaminiwa siri na mtoto aliyemchapa nusu saa iliyopita.

Wala hatuna haja ya kusafiri mbali kutafuta ushahidi kwamba mambo yanaweza kwenda kwa namna nyingine. Mwaka 2018 Mabula Nkuba na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika katika shule 8 za sekondari za serikali hapahapa Tanzania. Walimu wa baadhi ya shule hizo walipewa mafunzo ya siku tano na nusu kuhusu namna ya kuhusiana na wanafunzi na kusimamia nidhamu bila ukatili. Miezi michache baadaye, ukatili wa walimu dhidi ya wanafunzi ulikuwa umepungua katika shule zilizopata mafunzo kuliko katika zile ambazo hazikupata. Siku tano na nusu ni chini ya wiki moja ya likizo.

3. Siri haitunzwi

Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na takriban mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na sehemu kubwa yao hawakuwahi kumwambia mtu yeyote. Nimekaa katika ofisi za walimu muda mrefu wa kutosha kujua kwa nini. Jambo analolisema mwanafunzi saa nne asubuhi, saa sita limeshakuwa mazungumzo ya ofisi nzima, na jioni watoto wa walimu wanalijua mtaani. Hakuna mwongozo ulio mikononi mwa mwalimu wa kawaida unaomweleza nini akitunze kifuani, nini lazima akifikishe kwa afisa ustawi wa jamii au kwa dawati la jinsia na watoto la polisi, na nini amweleze mzazi. Kwa kukosa mwongozo huo, wengine wanasimulia kila kitu kwa kila mtu, na wengine wananyamazia hata jinai.

4. Watoto wanaoishi peke yao, na wale walio bwenini

Shule za kata zimewafikisha sekondari maelfu ya watoto ambao bila shule hizo wasingefika, na kuondolewa kwa ada tangu mwaka 2016 kumeongeza idadi yao. Hiyo ni heshima kubwa kwa nchi yetu, nami naisema kwa dhati. Lakini shule ikiwa mbali na kijiji, mtoto anapanga chumba jirani na shule. Tunaviita magheto, na tumeyazoea kiasi kwamba hatushtuki tena. Mtoto wa miaka kumi na nne anapika mwenyewe, anafua mwenyewe, anaugua mwenyewe, na usiku anafunga mlango wa bati kwa kipande cha waya. Unga ukiisha kabla ya mzazi kutuma mwingine, atatokea mtu mzima wa kumsaidia, na sote tunajua msaada huo huwa unadai nini baadaye. Mtoto huyu hana mtu wa kumtazama usoni jioni akajua kwamba leo hayuko sawa. Mtu pekee mzima anayekutana naye kila siku ni mwalimu.

Aliye bwenini ana paa na ana matroni au patroni, lakini mara nyingi ni mmoja kwa wanafunzi wengi mno, na kazi yake inahesabika kwa vitanda vilivyotandikwa na taa zilizozimwa kwa wakati.

5. Wasichana wanaoanguka na kupiga kelele

Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka bila kuweza kujizuia. Wenzao wakafuata, wengine wakilia na kukimbia huku na huko, na shule ilipofungwa tarehe 18 Machi wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wameshapatwa. Walimu hawakupatwa. Hali ile ilienea na baadhi ya wanafunzi waliorudi makwao, ikafika Nshamba na kwingineko. Madaktari Rankin na Philip, walioandika habari zake mwaka 1963, hawakukuta sumu wala vijidudu vya kuieleza. Dunia inakisimulia kisa hicho kama kichekesho. Kwangu mimi kinahusu mabinti wa miaka kumi na miwili hadi kumi na minane waliokuwa na jambo zito lisilokuwa na njia nyingine ya kutokea.

Zaidi ya miaka sitini imepita, na bado shule zetu za wasichana zinafungwa kwa sababu mabinti wanaanguka, wanapiga kelele na kukimbia usiku. Tunasema ni mapepo. Tunawaita wachungaji na mashehe, na mahali pengine mganga. Sipingi sala, mimi mwenyewe nasali, na najua sala imewatuliza wengi. Ninachopinga ni kwamba baada ya sala hakuna anayeuliza lolote kuhusu bweni lile: wanalala wangapi kwenye kitanda kimoja, wanakula nini, mtihani gani uko mbele yao, na kuna mtu gani wanayemwogopa usiku. Vibaya zaidi, hunyooshewa kidole binti mmoja, akaambiwa ndiye aliyeleta uchawi, akarudishwa kwao na jina hilo. Sijawahi kusikia afisa wa afya ya akili amefika katika shule ya namna hiyo kabla ya lango kufungwa.

6. Ubao wa matokeo

Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule na wanafunzi walioongoza kitaifa. Ulikuwa uamuzi wa busara, nami niliufurahia. Shuleni kwetu, hata hivyo, matokeo ya mtihani wa majaribio bado yanabandikwa ukutani kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, majina kamili, na katika shule kadhaa wale kumi wa mwisho wanaitwa mbele mstarini wasimame wazomewe. Nimemwona msichana aliyelichana jina lake kwenye karatasi ile kwa kucha, taratibu, herufi moja baada ya nyingine, hadi ukuta ukaonekana. Aliadhibiwa kwa kuharibu mali ya shule.

7. Mtoto aliyetaka kujiua anahesabiwa mhalifu

Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, bado inafanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Nchini Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu chao kama hicho kinakwenda kinyume cha katiba. Najua kubadili sheria si kazi ya wizara zenu peke yake, lakini nyinyi mnaketi katika Baraza la Mawaziri. Madhara yake shuleni ni haya: mwanafunzi akijaribu kujiua, familia na shule huungana kuficha, wakihofia polisi, na mtoto ambaye angepaswa kufikishwa hospitali na kufuatiliwa kwa miezi anarudishwa darasani kimyakimya au anahamishwa shule.

Waheshimiwa Mawaziri,

Nimehudhuria vikao vya kutosha kujua majibu yatakayotolewa, na ni haki yaangaliwe moja moja.

Tutaambiwa kwamba walimu hawatoshi na bajeti ni finyu. Ni kweli walimu hawatoshi. Lakini kumwondolea mwalimu mmoja vipindi sita kwa wiki, kutoa majembe katika chumba na kuyapeleka stoo, na kuamua kwamba mwalimu wa nidhamu asiwe mnasihi, ni mambo ambayo mkuu wa shule anaweza kuyafanya Jumatatu ijayo akiagizwa. Na pale panapohitajika watu zaidi, tusidhani kwamba lazima wote wawe mabingwa wa magonjwa ya akili. Nchini Kenya, mpango uitwao Shamiri unawatumia vijana waliomaliza sekondari, wanaofundishwa kwa muda mfupi na kusimamiwa na wataalamu, kuongoza makundi madogo ya wanafunzi kwa saa moja kwa wiki katika wiki nne. Ulipopimwa kwa wanafunzi 413 wenye dalili za sonona na wasiwasi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, dalili hizo zilipungua zaidi kwa waliopangwa katika makundi ya Shamiri kuliko kwa wenzao waliopangwa katika makundi ya kufundishwa mbinu za kusoma. Zimbabwe nayo, tangu mwaka 2006, inawafundisha akina bibi kuketi na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasikiliza, na matokeo yake yameheshimiwa na madaktari duniani. Nchi hizo hazina fedha za kutushangaza. Sisi tuna wahitimu wa saikolojia, unasihi na ustawi wa jamii wanaotoka vyuo vikuu vyetu kila mwaka na kukaa nyumbani wakisubiri ajira.

Tutaambiwa kwamba jambo hili tayari linafanyiwa kazi: kuna mpango wa Shule Salama chini ya SEQUIP, mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, unaotaka shule ziwe na walimu wanasihi, na kuna madawati ya ulinzi na usalama wa mtoto shuleni. Nashukuru kwa yote mawili. Mwalimu niliyemweleza hapo juu, wa chumba chenye majembe, ni mmoja wa walioteuliwa. Jina lake limo kwenye taarifa zilizopelekwa juu, na kwa taarifa hizo shule yetu imeshatimiza sharti. Nawaomba msihesabu majina. Ulizeni mnasihi ana saa ngapi kwa wiki za kusikiliza.

Tutaambiwa kwamba malezi ni kazi ya wazazi na viongozi wa dini. Ni kazi yao pia, ila mtoto yuko mikononi mwa shule kuanzia alfajiri hadi jioni, na wa bweni hata usiku.

La mwisho ninalolitarajia ndilo linalosemwa kwa sauti kubwa kuliko yote, hata na wazazi wenyewe: kwamba sisi tulichapwa, tulilala njaa, tulitembea maili nyingi, hatukuwa na mnasihi, na tukawa watu. Wanaosema hivyo nawaheshimu. Wengi ni rika langu. Lakini sisi tunaolisema hilo ndio tuliobaki. Hatuwasikii wale walioacha shule kidato cha pili na hatukuwauliza kwa nini, wala aliyekuwa wa kwanza darasani kisha siku moja akaonekana anaongea peke yake sokoni, tukasema karogwa. Tena hata sisi tuliovuka, tukikumbuka vizuri, wengi tulivushwa na mtu: shangazi, padri, ustadhi, mwalimu mmoja wa Jiografia aliyetuita kando akatuuliza habari za nyumbani. Ninyi wenyewe, waheshimiwa, naamini mna mtu wa namna hiyo katika maisha yenu. Uvumilivu tunaotaka watoto wauoneshe haukui kwa kuongezewa mateso. Katika miaka yangu yote darasani, watoto waliostahimili misiba mikubwa ni wale waliokuwa na mtu mzima mmoja anayejua kinachowapata. Wale walioambiwa “vumilia” na kuachwa, walijifunza kunyamaza, na kunyamaza kwao tukakuita nidhamu.

Kwa heshima, basi, naomba yafuatayo:

(a) Utolewe waraka unaokataza mwalimu wa nidhamu, au mwalimu yeyote aliyeteuliwa kuchapa, kuwa mnasihi wa wanafunzi. Hili halihitaji fedha, na linaweza kuanza kutekelezwa muhula ujao.

(b) Waraka huo uweke idadi ya vipindi vya unasihi kwa wiki, viandikwe kwenye ratiba ya shule kama vipindi vingine, na mzigo wa kufundisha wa mwalimu mnasihi upunguzwe kwa kiasi hichohicho.

(c) Kila shule iwe na chumba cha unasihi kinachotumika kwa unasihi tu, na ramani za shule mpya zinazojengwa zikionyeshe, mahali ambapo mwanafunzi anaweza kuingia bila kupita mbele ya ofisi ya walimu.

(d) Walimu wanasihi wapewe mafunzo ya kweli yanayorudiwa kila mwaka, na zianze ajira za wanasihi wenye taaluma, hata kama ni mmoja kwa kila kata kwa kuanzia, anayezunguka katika shule zake kwa siku zinazojulikana.

(e) Uandikwe mwongozo mfupi, kwa Kiswahili, kuhusu siri na rufaa: nini kinatunzwa, nini kinaripotiwa, kwa nani, na ndani ya muda gani. Mwongozo huo ueleze kwamba mwanafunzi aliyejaribu kujidhuru apelekwe kwanza kwenye matibabu. Namba 116, ambayo ni Simu ya Msaada kwa Mtoto na haina malipo, iandikwe ukutani katika kila shule, kwa herufi kubwa.

(f) Wathibiti ubora wa shule wanapokagua wazungumze na wanafunzi wenyewe, bila walimu kuwapo, na wawaulize swali moja: ukiwa na shida hapa shuleni, unamwambia nani?

(g) Ikatazwe kubandika matokeo kwa majina na kuwaaibisha wanafunzi mstarini kwa sababu ya alama.

(h) Kanuni za viboko za mwaka 2002 zipitiwe upya kwa nia ya kuziondoa, na kifungu cha 217 kipelekwe kwa waziri mwenye dhamana ya sheria kwa nia hiyohiyo.

Najua (d) na (h) zitachukua muda, na sitashangaa zikihitaji mwaka wa fedha mwingine. Lakini (a), (b), (e), (f) na (g) ni kalamu na karatasi. Naomba zijibiwe kwa maandishi, hadharani, kabla ya hotuba za bajeti za wizara zenu kusomwa bungeni, na jibu lieleze kwa kila ombi kama limekubaliwa au limekataliwa, kwa sababu gani, na linaanza lini. Mkiona inafaa kuitisha kikao, niko tayari kuja Dodoma kwa nauli yangu, nikiwa na walimu wanasihi wanaofanya kazi hii sasa hivi katika hali niliyoieleza, maana wao wanayajua mengi ambayo hayakuenea humu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu na mjumbe wa bodi ya shule ya sekondari,
Nyanda za Juu Kusini.

Nakala:
Waheshimiwa Wabunge wa mikoa ya Nyanda za Juu Kusini.
Wakuu wa shule za sekondari na wenyeviti wa bodi za shule.
Wazazi na walezi wote wenye watoto sekondari.